Mafua Yasiyoisha: Wanavyuo na Mzio wa Pua

Mwezi wa Juni, mitihani ya mwisho wa mwaka inapokaribia, kliniki yetu ya masikio, pua na koo hapa Dar es Salaam hupokea wanafunzi wengi wa vyuo. Si kwamba ugonjwa huletwa na mitihani. Pua iliyovumiliwa muhula mzima haivumiliki tena pale mtu anapohitaji kusoma hadi usiku wa manane na kuamka akiwa na akili tulivu.

Mmoja wao, mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa tatu, aliingia akiwa na kichupa cha matone ya puani katika mfuko wa shati. Baada ya kuniamkia alisema mara moja lililomleta: “Daktari, nimekuja unikate nyama za pua. Pesa ninayo.” Alikuwa ameiweka akiba kwa mihula miwili kutoka katika fedha za kujikimu, zile ambazo wanafunzi huziita bumu. Alizaliwa na kukulia Njombe, na hakuwahi kusumbuliwa na pua hadi mwaka wa pili wa masomo yake. Tangu hapo alipiga chafya kumi au zaidi mfululizo kila alfajiri, kamasi nyepesi kama maji zilimtoka bila kukoma, na usiku alilala kinywa wazi. Wenzake wa chumbani walianza kwa kumhesabia chafya kwa mzaha. Mwishowe mmoja aliomba kuhama kwa hofu ya kuambukizwa. Wazazi wake walipopewa habari kwa simu walisema hewa ya Dar haijamkubali.

Kijana huyu hakuwa na nyama za kukata. Alikuwa na mafua ya mzio, ambayo wengi huyaita aleji ya pua. Kwa idhini yake nitasimulia safari yake ya tiba, pamoja na kosa nililolifanya mimi ndani yake, kwa kuwa inaonyesha vizuri namna wanavyuo wanavyouelewa ugonjwa huu na wanavyojitibu.

Kinachotokea ndani ya pua

Kinga ya mwili kazi yake ni kutambua maadui kama virusi na bakteria. Kwa baadhi ya watu, hasa wenye ndugu wa damu walio na mzio, pumu au ukurutu, kinga hiyo hukosea. Hukichukulia kitu kisicho na madhara kuwa ni adui, na hutengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi yake. Kingamwili hizo hujishika juu ya seli za masti zilizomo katika utando wa pua. Kitu kile kinapovutwa tena, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine, na ndani ya dakika chache huanza muwasho, chafya na kamasi nyepesi.

Hilo ni wimbi la kwanza. Saa kadhaa baadaye huja wimbi la pili: seli nyingine za kinga huitwa mahali pale, utando wa pua huvimba, na pua huziba. Naomba msomaji aishike tofauti hiyo ya mawimbi mawili, maana nitaihitaji tutakapofika kwenye dawa.

Kingamwili hizo hazitengenezwi kwa siku moja. Huchukua miezi, wakati mwingine miaka. Ndiyo maana mtu anaweza kuhamia pwani, akaishi mwaka mzima bila tatizo lolote, kisha akaanza kupiga chafya katika chumba kilekile na kitanda kilekile. Kauli kwamba hewa imemkataa ina ukweli kidogo ndani yake, ila si hewa yenyewe inayomdhuru bali kilichomo.

Wanafunzi wengi waliosoma habari za ugonjwa huu wanaudhani kuwa ni wa Ulaya, wa maua na majira ya kiangazi. Dhana hiyo ina historia. Mwaka 1819 daktari John Bostock wa London alieleza dalili zake mwenyewe zilizomrudia kila kiangazi, na mwaka 1873 Charles Blackley wa Manchester alichapisha majaribio aliyojifanyia yeye mwenyewe yaliyoonyesha kwamba chavua ya nyasi ndiyo iliyomletea chafya. Lakini mwaka 1964 watafiti wa Leiden, Uholanzi, wakiongozwa na Reinhold Voorhorst, waliutambulisha utitiri wa vumbi kuwa chanzo kikuu cha mzio unaotokana na vumbi la nyumbani. Wadudu hawa, wenye urefu wa takriban theluthi moja ya milimita, hawaumi wala hawaonekani kirahisi kwa macho. Hula ngozi iliyopukutika mwilini mwetu, hukaa kwenye godoro na mto, na hustawi penye joto na unyevu. Kinacholeta mzio zaidi ni kinyesi chao. Pwani yetu ina joto na unyevu mwaka mzima, hivyo mgonjwa wetu hana majira ya kupumzika. Utitiri si chanzo pekee: mende, kuvu za kwenye kuta zenye unyevu, manyoya ya paka na chavua navyo vina sehemu yao.

Si mafua ya kawaida, wala si nyama

Kosa la kwanza ninalolikuta kwa wanafunzi ni kuuita ugonjwa huu mafua tu. Mafua ya kawaida huletwa na virusi, mara nyingi huja na koo kuuma, mwili kuchoka na pengine homa, na kwa kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Mafua ya mzio hayana homa. Alama yake kubwa ni muwasho: pua, macho, kaakaa na hata ndani ya masikio. Chafya zake huja kwa mfululizo, kamasi yake huwa nyepesi na isiyo na rangi, na hudumu kwa wiki, miezi au miaka. Mwanafunzi anayeniambia kwamba ana mafua tangu Novemba iliyopita amekwisha kunipa nusu ya utambuzi.

Mafua ya mzio hayaambukizi. Jambo hili lilipata uzito mpya tangu ulipokuja UVIKO-19, kwani chafya moja ndani ya basi au ukumbi wa mihadhara iligeuza vichwa vyote. Nimewaona wanafunzi waliokaa mbali na wenzao, wakila peke yao, kwa ajili ya ugonjwa ambao hawangeweza kumpa mtu yeyote.

Kosa la pili ni lile la nyama za pua. Kila binadamu anazo. Ni vikunjo vilivyo kwenye kuta za pembeni za pua, na kazi yake ni kuipasha joto, kuilainisha na kuichuja hewa kabla haijafika mapafuni. Kwa mgonjwa wa mzio vikunjo hivyo huvimba na kupauka, naye akijimulika kwa tochi ya simu mbele ya kioo huona kitu kama uvimbe na kuogopa. Upasuaji wa kuvipunguza upo na una nafasi yake, lakini ni kwa yule ambaye tiba sahihi ya dawa imeshindwa kumzibua. Tena kisu hakiondoi mzio: chanzo kikibaki, chafya na muwasho hubaki pia.

Tiba ya duka la dawa

Wanafunzi wengi hufika kliniki baada ya miezi mingi ya kujinunulia dawa. Wengi wao hupita katika vituo vinne.

Cha kwanza ni klorofeniramini, kidonge kidogo cha njano kinachojulikana zaidi kama piritoni. Ni cha bei nafuu na hupunguza chafya, lakini huingia kwenye ubongo na kuleta usingizi, na uzito wake unaweza kubaki hadi asubuhi hata kama mtu hajihisi kusinzia. Nchini Uingereza, ambako mitihani ya shule huangukia majira ya chavua ya nyasi, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 juu ya wanafunzi zaidi ya 1,800 ulionyesha kwamba waliokuwa na dalili za mzio siku za mtihani walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban asilimia 40, wa kushuka daraja ukilinganisha na mtihani wa majaribio. Kwa waliokuwa wakitumia dawa za mzio zenye kuleta usingizi, uwezekano huo ulifika takriban asilimia 70.

Sikuhitaji utafiti huo kuliamini jambo hili. Nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa udaktari, nilimeza vidonge viwili vya aina hiyo usiku wa kuamkia mtihani wa biokemia. Asubuhi nilisoma swali la kwanza mara nne bila kulielewa. Nilikuwa nimekariri muundo wa histamini na njia zake zote, na bado niliurudia mtihani ule kwa sababu ya pua yangu mwenyewe. Kuujua ugonjwa kwa ajili ya mtihani na kuujua kwa ajili ya maisha ni mambo mawili tofauti. Zipo antihistamini za kizazi kipya, kama setirizini na loratadini, zenye kuleta usingizi kwa kiasi kidogo zaidi. Setirizini huwasinziza baadhi ya watu, hivyo ni vyema kuijaribu kwanza katika siku isiyo na shughuli.

Kituo cha pili ni matone ya kuzibua pua, kama yale yenye oksimetazolini au zailometazolini. Huzibua ndani ya dakika chache kwa kuifinya mishipa ya damu, na hapo ndipo mtego ulipo. Yakitumika zaidi ya siku 3 hadi 5, mishipa hulegea na kuvimba kupita awali kila dawa inapoisha nguvu, na mgonjwa huhitaji matone mapya ili aweze kupumua. Kijana wa Njombe aliyatumia kwa miezi saba. Alilala na kichupa chini ya mto.

Cha tatu ni antibiotiki. Mzio si maambukizi, na amoksilini haina la kufanya hapa isipokuwa kuongeza usugu wa vimelea dhidi ya dawa, tatizo ambalo nchi nzima inapambana nalo.

Cha nne, na cha hatari zaidi, ni sindano ya steroidi inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa. Mgonjwa huondoka akisifu kwamba amepona, kisha hurudi kuitaka tena. Sindano za kurudiarudia zinaweza kuizima kazi ya tezi za juu ya figo, kupandisha sukari na shinikizo la damu, na kudhoofisha mifupa. Inasikitisha kwamba mwanafunzi yuleyule anayeipokea sindano hii bila swali huikataa dawa ya kupulizia puani, akisema ameambiwa ni steroidi na itamzoesha. Dawa ya kupulizia hufanya kazi palepale puani, na kiasi kinachoingia kwenye damu, hasa kwa flutikasoni na mometasoni, ni kidogo mno. Wala haina uraibu.

Kitanda, godoro na chandarua

Hakuna dawa inayotosha ikiwa mtu analala saa saba kila usiku juu ya chanzo cha ugonjwa wake. Magodoro mengi ya mabwenini ni ya sponji, na mengi yamerithiwa kutoka kwa waliohitimu. Litoe godoro juani kila wiki inapowezekana, ukiligeuza pande zote, kwani joto na ukavu huua utitiri. Lifunike kwa mfuko wenye zipu, hata kama ni wa plastiki. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki, kwa maji ya moto ya nyuzi 60 ikiwezekana. Pasipowezekana, zifuliwe na kuanikwa kwenye jua kali. Zulia dogo la manyoya kando ya kitanda ni pambo zuri, lakini ni makazi ya utitiri. Piga deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia pakavu, na ufute mapanga ya feni ya dari kabla ya kuiwasha. Udi, manukato makali na dawa ya mbu ya kuchoma si vyanzo vya mzio wenyewe, lakini huikera pua ambayo tayari imevimba.

Chandarua nacho hukusanya vumbi, na hapa nina onyo. Binti mmoja wa chuo cha ualimu aligundua kwamba chafya zilimzidi kila alipokishusha, akakivua na kukiweka sandukuni. Baada ya wiki chache alilazwa kwa malaria kali. Mzio wa pua haujawahi kuwa sababu ya kulala bila chandarua. Kifue kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, kila baada ya miezi mitatu hivi, na ukianike kivulini. Godoro lipate jua. Chandarua chenye dawa kipate kivuli, kwa sababu jua huharibu dawa yake.

Dawa ya siku usizopiga chafya

Sasa nirudi kwenye mawimbi mawili. Antihistamini hulituliza wimbi la kwanza: muwasho, chafya na kamasi. Kwa pua iliyoziba huwa na nguvu ndogo. Dawa ya steroidi ya kupulizia hulituliza wimbi la pili pia, na ndiyo msingi wa tiba kwa mwenye dalili za kudumu, yaani siku 4 au zaidi kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 4 mfululizo, au kwa yule ambaye dalili zake zinamnyima usingizi na masomo. Lakini dawa hii haifanani na ile ya maumivu ya kichwa. Nafuu yaweza kuanza siku ya kwanza, ila nguvu yake kamili huonekana baada ya wiki moja hadi mbili za kuitumia kila siku, pua ikiwa imeziba au imezibuka.

Nilimwandikia kijana wa Njombe dawa hiyo, nikamwambia aache matone, nikaita mgonjwa mwingine. Alirudi baada ya wiki sita akiwa vilevile, kichupa kikiwa mfukoni. Aliipulizia siku nne, hakuona tofauti, akaiacha. Nilipomwomba anionyeshe alivyoitumia, aliinua kichwa nyuma, akaielekeza ncha katikati ya pua na kuvuta kwa nguvu. Dawa yote iliishia kooni. Kosa halikuwa lake. Nilimpa dawa bila kumwonyesha, na sikumwambia kwamba baada ya kuacha matone pua ingeziba zaidi kwa wiki moja au mbili kabla ya kupona.

Safari hii nilikaa naye. Tikisa chupa. Penga kamasi. Inamisha kichwa mbele kidogo. Kwa tundu la kushoto tumia mkono wa kulia, na kwa la kulia mkono wa kushoto, ili ncha ielekee upande wa nje na si kwenye ukuta wa kati, ambao hukauka na kutoa damu. Pulizia huku ukivuta pumzi taratibu. Ukisikia uchungu kooni, umevuta kwa nguvu mno. Robo saa kabla ya kupulizia, safisha pua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa.

Kuhusu gharama, nilimwonyesha hesabu. Chupa nyingi za aina hii hutoa mipulizo 120. Kwa mipulizo miwili kila tundu kwa siku, ni mwezi mmoja. Hali ikitulia na kipimo kikashuka hadi mpulizo mmoja kila tundu, ni miezi miwili. Akaweka kando ya hesabu hiyo matone, vidonge na antibiotiki alizonunua kwa mwaka, akanyamaza.

Kisha nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza siku ya kwanza: je, unakohoa usiku, au kifua kinabana ukipanda ngazi? Akajibu kwamba alikuwa akikohoa kila alfajiri, na alidhani ni kamasi zinazoshuka. Vipimo vya mapafu vilionyesha pumu. Pua na mapafu ni njia moja ya hewa. Wengi wa wenye pumu wana mafua ya mzio, na sehemu kubwa ya wenye mafua ya mzio wana pumu au wataipata. Pua inaweza kumkosesha mtu mtihani. Pumu isiyotambuliwa inaweza kumuua.

Kwa wahudumu wenzangu

Katika zahanati ya chuo muda ni mfupi na foleni ni ndefu, lakini mambo manne hayahitaji zaidi ya dakika tano. Mwulize mgonjwa dalili zimedumu kwa muda gani, na kama zinamnyima usingizi na masomo. Mwulize anatumia dawa gani tayari, ukitaja matone na sindano kwa majina. Mwulize kuhusu kikohozi, kukoroma kwa kifua na kubanwa. Na usimwache aondoke na dawa ya kupulizia kabla hajakuonyesha anavyoitumia. Mwombe afanye hivyo tena atakaporudi.

Mpeleke kwa bingwa mapema ikiwa pua imeziba upande mmoja tu, ikiwa inatoa damu au usaha wenye harufu upande huohuo, ikiwa uso umevimba au anaona mbili, au ikiwa tiba sahihi haikumsaidia baada ya wiki nne hadi sita. Hizo si dalili za mzio wa kawaida, na nyuma yake kunaweza kuwa na uvimbe unaohitaji kuonwa bila kuchelewa.

Yule kijana nilimwona mara ya mwisho mwezi wa Septemba. Matone aliyaacha baada ya siku kumi za taabu, na anatumia dawa ya pumu ya kuvuta kama alivyoelekezwa. Godoro jipya lilichukua sehemu ya fedha alizoweka kwa ajili ya upasuaji. Hajapona mzio, bado hupiga chafya akifagia au akifungua vitabu vya zamani maktabani. Lakini sasa analala kinywa kimefumbwa, na yule mwenzake aliyehama amerudi chumbani.

Kwa mwanafunzi unayesoma haya huku ukipenga kamasi: usiongojee Juni. Nenda zahanati ya chuo chako wiki hii, na uchukue dawa zote unazotumia ili mhudumu azione.